Kitani kiteremshe kambani kingali na unyevu

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu gauni langu la kitani, nikasema nimelivaa miaka 11 na bado ni zima. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenishangaza. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbona changu kimeharibika? Nimechagua chache za kujibu leo. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza, mimi ni binti wa dobi. Baba yangu alifulia watu Ngamiani, Tanga, kwa maji ya kuteka na pasi ya mkaa, na nilianza kumshikia ncha za shuka kabla sijafika darasa la tatu. Hadi leo nashona na kufua hapahapa Tanga.

*Shikamoo mama. Nimenunua shati jeupe la mtumba soko la Karume kwa sh. 12,000. Muuzaji aliniapia kuwa ni lineni halisi. Kibandiko cha shingoni kimeandikwa "100% Leinen" na lugha siijui. Nitajuaje kama ni kweli? Na lineni ndiyo kitani?*
Kijana wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Lineni ndiyo kitani, na Leinen ndivyo Wajerumani wanavyokiita, kwa hiyo kibandiko kinakubaliana na muuzaji wako. Mnaochagua mitumba yashikeni majina haya: Wafaransa huandika lin, Waitaliano na Wahispania lino, Waholanzi linnen, Wapolandi len. Ukikuta namba iko chini ya 100, soma na mstari unaofuata. Kitani 55 na pamba 45 ni mchanganyiko mzuri usio na shida. Kitani 55 na viskosi 45 unataka mkono mwepesi, maana viskosi, uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na mbao, ikilowa hulegea, wakati kitani kikilowa huongezeka nguvu.

Kama kibandiko kimekatwa, fumba kipande cha nguo kwenye ngumi uhesabu hadi kumi. Kitani hutoka na mikunjo mikali isiyorudi, na ukikigusisha shavuni ni cha baridi. Kikitazamwa kwenye mwanga, utaona nyuzi nyembamba hapa, nene pale. Ukitaka kuwa na hakika kabisa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome juu ya sahani. Kitani huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Ukipata kidonge kigumu cheusi, hapo pana poliesta. Pamba nayo huwaka hivyohivyo, kwa hiyo moto peke yake hautoshi. Changanya na ile alama ya ngumi na ile ya shavu.

Hapa Tanga kila mara naulizwa kama kitani kinatoka kwenye mashamba yetu ya mkonge. Hapana, ile ni katani, nyuzi za jani la mkonge, za kamba na magunia. Kitani kinatoka kwenye shina la mmea mwembamba wenye maua ya buluu, unaolimwa kwa wingi kaskazini mwa Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Ukishang'olewa hulazwa shambani majuma kadhaa ili umande na mvua vioze ule utomvu unaozigandisha nyuzi, ndipo nyuzi zitoke. Nimelisema hili makusudi. Uzi huu umeanza maisha yake kwenye umande, na majibu yangu mengi ya leo yanarudi hapo.

*Mama, mume wangu ana suruali mbili na mashati matatu ya kitani. Nafua kwa mkono kwa sabuni ya mche, nayasokota kuyakamua, naanika juani asubuhi, jioni nikiyaanua yamekakamaa kama ngozi ya ngoma. Ananiambia namharibia nguo. Nitumie dawa ya kulainisha?*
Mama wa watoto wawili, Dodoma

Mwanangu, mwambie baba watoto kwamba humharibii nguo. Kosa la kwanza ni la maji. Maji ya visima huwa na chokaa nyingi, na sabuni ya mche ikikutana na chokaa hufanya ule utando mweupe unaouona ukielea kwenye beseni. Utando huo hautoki kwa kusuuza, unaingia ndani ya kitambaa na kukauka humo. Ndiyo maana shati jeupe hugeuka la kijivu na shingo inakwaruza. Kwa kitani chako tumia sabuni ya unga, kwa sababu nyingi huwa na viungo vya kukabiliana na chokaa. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya vuguvugu mpaka usiione punje, ndipo uingize nguo.

Loweka robo saa, usizidishe. Kisha bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, kama mtu anayekamua tui kwa upole. Brashi iache kwa ajili ya viatu. Kola na vikwapa fikicha kwa vidole tu. Suuza mara tatu, na ile mara ya tatu tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye ndoo ya lita 20. Siki inayeyusha chokaa, na harufu yake inaondoka nguo ikikauka. Lakini nakusihi, siki isikutane kamwe na jiki kwenye beseni moja, kwani hutoa hewa yenye sumu inayochoma kifua. Dawa ya kulainisha achana nayo. Inavipaka vitambaa mafuta, na kitani kilichopakwa mafuta hakinyonyi jasho, sasa mtu atakuwa anakivalia nini?

Kosa la pili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nichague barua yako. Unakisokota, halafu unakiacha juani mpaka jioni. Uzi wa kitani hauvutiki. Ukiusokota kwa nguvu unavunjika ndani kwa ndani na kuacha mkunjo ambao pasi haiwezi kuuondoa. Lifungashe shati kwenye taulo kavu, likunje kama mkeka, likandamize kwa viganja. Kisha lishike mabegani ulikung'ute mara tatu nne mpaka lilie paa! Vuta mishono kwa vidole, kola, mikono, ukanda wa vifungo, ukae sawasawa. Litundike kwenye hanga ya mbao au plastiki, isiwe ya waya, kivulini penye upepo.

Halafu ulinde. Kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane, shati jembamba halimalizi saa moja. Literemshe likiwa kama nguo iliyoachwa nje usiku ikapigwa na umande: halidondoshi maji, lakini ukiliweka shavuni unahisi ubaridi. Baba alikuwa akipita kwenye kamba akigusa kila nguo kwa mgongo wa mkono, na kitani alikianua kabla ya nguo zote, hata kama kilianikwa mwisho. Kitani kikikauka kabisa kambani, nyuzi zinagandana, na hapo ndipo unapopata ngozi yako ya ngoma. Ukiwa kazini na hakuna wa kulinda, usihuzunike. Rudi, linyunyizie maji kwa vidole, likunje, lifunge ndani ya kanga saa nzima. Litalegea.

*Assalam alaykum. Tulikuwa harusini, sahani ya biriani ikamwagikia shati jeupe la kitani la kaka yangu. Nilikimbia bafuni nikapaka sabuni, doa la manjano likageuka jekundu kama damu. Nimeogopa, sijaligusa tena. Nitie jiki?*
Dada, Mji wa Kale, Mombasa

Wa alaykum salaam. Usitie jiki, na umefanya vyema kusimama hapo. Wekundu huo si doa jipya. Rangi ya manjano, ile ambayo huku wengi tunaiita binzari, hugeuka nyekundu ikiguswa na sabuni yenye magadi. Kamulia ndimu utaiona inarudi kuwa ya njano mbele ya macho yako. Nakueleza ili hofu ikutoke, maana nimeona watu wakisugua doa hilo mpaka kitambaa kikachanika, wakidhani wameunguza nguo.

Biriani imekupa madoa mawili kwa mpigo, samli na manjano, na manjano yamejificha ndani ya samli. Anza na samli. Weka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, libonyeze kwa kidole upande wa nyuma wa kitambaa, ngoja dakika kumi, suuza kwa maji ya kawaida. Rudia mpaka ule utelezi uishe. Kisha weka kitambaa cheupe cha pamba chini ya doa, na juu yake donoa kwa pamba iliyolowa spiriti ya dukani. Manjano hayapendi maji lakini yanayeyuka kwenye spiriti, utayaona yakihamia kwenye kitambaa cha chini. Sogeza kitambaa hicho kila kikijaa rangi. Usisugue kwa duara, utalipanua doa. Na fanya hivyo mbali na jiko.

Kitakachobaki ni kivuli cha njano, na hicho mwachie jua. Manjano hufa kwa mwanga. Lilowanishe shati, lianike doa likitazama juu tangu saa tano mpaka saa tisa alasiri, na kila likikauka lipigie maji tena. Mombasa mna jua la kutosha, siku mbili au tatu utalitafuta doa usilione. Shati lingekuwa la rangi nisingekushauri hivyo, lingepauka. Na mpaka kivuli kiishe lisiguswe na pasi wala maji ya moto.

Kuhusu jiki nina jambo linaloniuma bado. Nilikuwa na miaka 19, baba anaumwa, nimebaki na kazi peke yangu. Mteja aliacha shati la kitani lenye doa la chai. Nikatia jiki kidogo, doa likaondoka, nikafurahi. Alipolifua mara ya tatu kwake, pale palipokuwa na doa pakatoka tundu la ukubwa wa sarafu. Klorini, ile dawa kali iliyomo ndani ya jiki, ilikuwa imekula nyuzi siku ileile, ila hazikuonyesha. Baba alinyanyuka kitandani akaenda kumlipa yule mzee thamani ya shati zima, na hakunigombeza. Tangu hapo jiki haijagusa kitani mikononi mwangu. Chai na kahawa ukiziwahi zinatoka kwa maji mengi tu. Damu ni maji ya baridi, kamwe yasiwe ya moto.

*Mimi ni fundi cherehani. Mteja aliniletea mita 3 za kitani nikamshonea gauni likamkaa vizuri. Amelifua mara moja limepanda juu ya kifundo na kifua kinabana. Anadai nimlipe kitambaa. Nani mwenye makosa?*
Fundi, Mwanza

Fundi mwenzangu, nitakuambia kweli: la kwako ni kubwa kuliko la kwake. Mteja hana wajibu wa kujua. Kitani ambacho hakijafuliwa kiwandani hurudi kwa asilimia 4 au 5 kwenye maji ya kwanza, pengine zaidi. Kwa mita 3 hizo ni sentimita 12 hadi 15 zilizopotea. Kabla ya kukata, loweka kitambaa chote kwenye maji yenye joto lilelile atakalofulia mteja, kianike, kipige pasi kikiwa na unyevu, ndipo ushike mkasi.

Kama huna hakika na kitambaa, chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa uzi wa rangi, ufue, upime tena. Ukikuta 48, kimerudi asilimia 4, na unamwambia mteja mapema anunue mita 3 na robo. Pima pande zote mbili kwa sababu mara nyingi haurudi sawa.

La gauni hili, kabla hamjafika kwenye fedha, liloweke, likandamize kwenye taulo, ulilaze mezani ulivute taratibu kwa urefu huku ukipiga pasi ya moto likiwa bado bichi. Utapata sentimita moja au mbili. Kifua kinachobana fungua mishono ya pembeni kama uliacha akiba. Ukishindwa, mlipe nusu na umshonee bure nguo inayofuata. Mteja akilipwa kwa uungwana hurudi.

*Dada yangu, niko Muscat kwa kazi za nyumbani. Kufulia ni mashine tu. Kitani kinaingia?*
Msomaji

Kinaingia, mdogo wangu. Nyuzijoto 40, mashine iwe nusu tu ili nguo zicheze, na mzunguko wa kukamulia uwe wa chini, mizunguko 600 kwa dakika au pungufu. Mashine ya kukaushia iepuke. Kwa joto la huko kivuli cha barazani kinatosha, tena usikawie kukianua.

*Mama, nimejinunulia suti ya kitani rangi ya udongo. Naipiga pasi dakika 40, nikifika shuleni kwa bodaboda imejikunja yote. Walimu wenzangu wanaona kama nimelala nayo. Tena pasi imeacha mng'aro kwenye mapaja.*
Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, dakika 40 ni kwa sababu unaipiga pasi ikiwa kavu. Ikiwa na unyevu ni dakika kumi. Kwenye kibandiko utaona picha ya pasi yenye nukta. Tatu ni nyuzijoto 200, na kitani safi kinazimudu. Lakini suti ina bitana, na bitana huwa ya poliesta au viskosi, kwa hiyo koti lipige kwa nukta mbili juu ya kitambaa kilicholowa. Mng'aro unatokana na chuma kugusa uso wa nguo. Geuza suruali ndani nje, hasa ya rangi. Uliokwisha kutokea utie mvuke, au weka kitambaa kibichi juu yake ukandamize pasi bila kuiburuta. Na ule mstari wa mbele wa suruali usiupige palepale kila juma, nyuzi zitakatika hapo kama karatasi iliyokunjwa mara mia. Ukimaliza iache kwenye hanga nusu saa kabla ya kuvaa. Ukiivaa ingali na joto na mvuke, itachukua umbo la kiti cha bodaboda.

Ukitaka isimame zaidi, tia kanji. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo uliochekechwa kwenye nusu kikombe cha maji baridi, koroga, mimina kwenye lita mbili za maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka yaanze kung'aa. Chuja kwa kitambaa. Ikipoa, chovya suruali peke yake, koti usilichovye. Usiihifadhi nguo yenye kanji kabatini muda mrefu, mende na wale wadudu wadogo wanaokula vitabu wanaila.

Lakini mikunjo yote haitaisha, na mimi naomba usiipigie vita. Kuna mikunjo mikali ya nguo iliyosokotwa na kuna mikunjo mipana, laini, ya nguo iliyovaliwa na mtu aliyekaa akafanya kazi yake. Hii ya pili ndiyo kitani chenyewe. Wenzako watazoea.

*Bi mkubwa, mama yangu aliniachia kitambaa cha meza cha kitani cheupe kilichotariziwa kwa uzi mweupe. Nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki nikakiweka sandukuni miaka mingi. Nimekitoa kina mistari ya njano kwenye mikunjo na madoa mawili ya kutu. Nimelia. Kuna la kufanya?*
Mtoto wa Malindi, Unguja

Pole sana mwanangu. Lipo, tena kubwa, ila usiwe na haraka. Kitani cha zamani kilichokauka sandukuni hukatika, kwa hiyo usikikunjue kwa nguvu wala kukipiga pasi kwanza. Kilaze kwenye beseni pana la maji baridi usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa ya rangi ya chai. Mwaga, tia mengine, mpaka yabaki meupe. Hicho peke yake kitaondoa nusu ya unjano.

Kisha tafuta dawa ya kung'arisha isiyo ya klorini, ile ya unga inayotoa oksijeni ikikutana na maji ya moto. Soma kipimo kwenye kopo, loweka saa chache, suuza sana. Baada ya hapo kitandaze kikiwa kimelowa juu ya majani mafupi safi, juani, na ukipigie maji kila kikikauka. Ndivyo Waholanzi wa Haarlem walivyong'arisha kitani katika karne ya 17, walitandaza mashamba mazima ya vitambaa nje ya mji, wakavilowesha kwa maziwa yaliyochacha na kuviachia jua miezi. Wewe hutahitaji miezi. Juma moja la asubuhi za jua litakuonyesha.

Kutu usiiguse mpaka unjano uishe. Kamulia ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi, weka juani nusu saa, suuza vizuri mno kabla asidi haijakausha nyuzi, urudie siku ya pili. Huenda ilitoka kwenye pini au bawaba ya sanduku, iangalie usije ukakirudisha palepale.

Ukimaliza kipige pasi upande wa nyuma juu ya taulo nene ili tarizi isilale. Kiache kikauke kabisa, maana hapo pekee ndipo ukavu unapotakiwa, kabla ya kuhifadhi. Usitie kanji. Kikunje ndani ya kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi, si plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu wa pwani ndani na ukungu unaota. Mbao tupu nazo humanjanisha kitambaa, tandika kanga nyingine chini ya sanduku. Kila baada ya miezi mitatu kitoe, kipunge hewa, ukikunje kwa mistari mingine.

Na Idi ikifika kitandike mezani, wageni wale juu yake. Biriani ikimwagika, jibu la dada wa Mombasa liko hapo juu.